Kaniki Chini ya Mlango

Ikinga, 9 Februari 1948

Kwa mume wangu mdogo Lwitiko, mwana wa Tabita, huko Nkana kwa wachimba shaba,

Nakusalimu, nawe ukiwa umeshiba nijibu, maana naona ukishiba ndipo unasahau kwenu. Sisi wazima. Mama yako Tabita alishikwa na kifua tangu Krismasi, sasa amepona, amerudi kugombana na kuku wangu. Dada yako Jenista hajaolewa, usiulize. Wachumba wawili wamekuja, na wote wawili walikuwa wafupi kuliko maneno yao. Mvua imezidi, ulezi umelala chini kama mlevi. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Darasa la ubatizo lilinifundisha kuandika kwa Kiswahili, Kindali chetu hakikupewa karatasi. Kwa hiyo nikipotea mahali nivumilie, na usicheke, nitajua.

Sasa neno lenyewe. Mbao za babu yako zimeingiwa na bungua, yule mdudu wa kutoboa mbao.

Unazikumbuka. Marehemu Anania aliukata ule mninga Ndalambo, akaupasua kwa msumeno wake mrefu, yeye juu na mwenzake chini shimoni, wakabadilishana vumbi na matusi mpaka mti ukaisha. Mbao zikapanda lori hadi Tunduma, na kutoka huko zikaja Ikinga juu ya vichwa vya watu wa kanisa, wakiimba. Alisema, "Hizi ni za mlango wa kanisa la matofali." Matofali hayakuwapo hata moja. Watu wakamwambia amenunua kofia kabla ya kupata kichwa. Akaziweka darini jikoni kwangu, juu ya moshi, akafa. Nami nikapika chini yake miaka yote hii.

Sasa kanisa lipo. Kuta zimesimama, bati limepanda, bado mlango. Mwaka jana Mzee Efraimu, mkubwa wa wazee wa kanisa, unajua jinsi anavyopenda kunusa mambo ya watu, alisema haifai mbao za nyumba ya Mungu kunuka moshi na maharage. Zikashushwa, zikahamia ghala jipya la bati, mahali safi, pakavu. Jenista alipofagia humo juzi akakuta chini ya mbao vichuguu vidogo vya unga mweupe, laini kama poda ya mtoto. Tukageuza mbao. Matundu, Lwitiko! Kama mtu amezichoma kwa sindano.

Efraimu anataka tuzichome moto na mlango ununuliwe Mbeya, wa mbao nyepesi, wa kupakwa rangi. Nilisimama katikati ya wazee nikawaambia, "Mjukuu wangu ni fundi wa mbao wa mgodi mzima. Huu ni mwaka wa nne anatuandikia hivyo. Mlango utatoka kwenye mbao za Anania, na atakayeutengeneza ni Lwitiko, kabla ya sikukuu ya mavuno mwezi wa nane." Nimekwisha kusema, kwa hiyo imekuwa.

Niambie la kufanya, na uje.

Bibi yako,
Sekela


Nkana, 3 Machi 1948

Kwa Bibi yangu mpendwa, mheshimiwa, nguzo ya ukoo, Mama Sekela,

Baada ya salamu nyingi kama majani ya mlimani, natumaini hujambo, na Mama hajambo, na Jenista hajambo na urefu wake. Mimi huku ni mzima kama chuma cha reli. Chakula kipo, nguo zipo, Jumapili tunavaa viatu. Watu wa huku wana adabu sana, kila neno wanamalizia na mukwai.

Nimehuzunika kwa habari ya mbao, lakini Bibi, usitikisike, mukwai. Jambo hilo kwa sisi mafundi ni dogo. Yeyusha nta ya nyuki, changanya na unga wa mbao ya mninga ipate rangi nyekundu, kisha ziba kila tundu mpaka lijae. Sugua kwa jani la msasa, paka mafuta ya nyonyo. Bungua akizibiwa mlango hukosa hewa, anafia humo humo kama panya. Mtu hataona kitu.

Kuhusu kuja, Bibi, kazi imenibana. Hapa karakana asubuhi mimi nikichelewa hakuna anayeweza kuanza. Wazungu wenyewe husimama wakiniulizia, "Lwitiko yuko wapi?" Nitatazama huko mbele.

Halafu, kwa kuuliza tu, ni nani alizishusha mbao kutoka jikoni?

Mjukuu wako mtiifu,
Lwitiko, fundi


Ikinga, 22 Aprili 1948

Lwitiko,

Salamu. Mama yako mzima. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mchungaji amehamishwa, amekuja mwingine anayehubiri kwa macho yaliyofumba, kwa hiyo wanaolala wamepata mwenzao. Kwangu usiniandikie mukwai, mimi si Mbemba.

Tulifanya ulivyosema. Jenista aliziba matundu kwa mwiba, moja moja, siku baada ya siku, mpaka macho yakamtoka maji. Tukasugua, tukapaka nyonyo. Mbao ziling'aa kama vichwa vya watoto siku ya Pasaka. Nikawaita wazee waje waone. Wakapapasa, wakatikisa vichwa, hata Efraimu akasema, "Kweli ufundi ni ufundi." Nililala vizuri siku hiyo, sikufichi.

Majuzi tumetoka ibadani, Efraimu akaomba aonyeshwe tena. Mbao tulikuwa tumezisimamisha kwenye ukuta wa kanisa, watu wote wanapita. Akaweka mkono juu ya ubao, akaondoa mkono, unga ukamwagikia kiatu chake. Nta yote imetobolewa. Bungua wako hakukosa hewa, alipumua akashiba, akatoka nje kupitia nta yetu kama mtu anayefungua dirisha lake. Na pembeni ametoboa mengine mapya.

Efraimu akatazama kiatu chake, akanigeukia mimi mama wa Tabita, akasema kwa sauti ile ya kutoa tangazo, "Mama Tabita, naona marehemu Anania aliwatolea sadaka wadudu."

Wakacheka, Lwitiko. Walicheka kwenye uwanja wa kanisa, na Anania amelala pale pale, nyuma ya ukuta, anasikia.

Nimekaa nikafikiri. Mimi si fundi, lakini nina nyumba, na najua kwamba mwizi akiwa ndani hufungi mlango ukamwacha na chungu cha nyama. Unamtoa kwanza. Hilo hata mbuzi wangu analijua. Fundi wa mgodi mzima halijui?

Watson wa Tunduma, yule mwenye duka, alivuka kwenda huko mwezi wa pili kuuza maharage. Amepita hapa. Amekaa, nimempa togwa, akaanza, "Bibi, nilimkuta Lwitiko karakana, ameshika..." Nikamwambia, "Watson, kunywa togwa." Akasema, "Lakini Bibi..." Nikamwambia, "Watson, togwa itapoa." Na togwa ilikuwa ya baridi. Akanywa.

Basi nisikilize vizuri. Huko unashika randa au unashika ufagio, sikuulizi. Usiniambie. Usiandike neno hata moja juu ya jambo hilo, sitalisoma, nitawashia moto. Mimi nimesimama mbele ya wazee nikasema mjukuu wangu ni fundi. Neno langu halirudi nyuma, mimi si kinyonga. Kwa hiyo ni wewe utakayesogea mpaka ufike lilipo. Una mikono miwili, una macho, na mafundi wa kweli wamekuzunguka. Mwezi wa nane hauko mbali.

Na lile swali lako la nani alizishusha mbao, alisema Efraimu.

Sekela


Ikinga, 30 Mei 1948

Lwitiko,

Kimya. Mvua imekatika, baridi imeanza, ulezi umevunwa, barua hakuna. Watson amepita na mfuko mtupu. Mama yako kila lori likilia barabarani anasimama.

Wazee wamekaa tena. Wanasema mwezi wa saba ukiisha bila mlango kuanzwa wataagiza wa Mbeya, na mbao za babu yako zitachomea matofali ya nyumba ya mchungaji. Nimewaambia wasubiri.

Kama umenikasirikia, kasirika huku unaandika.

Sekela


Nkana, 12 Juni 1948

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Sikukasirika. Niliisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nilijikuta sina cha kujibu, ndipo nikaona afadhali nipate kwanza cha kujibu.

Umekataza nisiandike jambo fulani. Sijaliandika.

Hapa yuko mzee anaitwa Enoka, seremala, mtu wa Kasama. Miaka yote hii nimekuwa karibu na benchi lake, karibu sana, nikiokota vinavyoanguka chini, na sikuwahi kumwuliza kitu. Siku ile barua yako ilipofika nilimwuliza. Akacheka mpaka akaweka patasi chini. Akasema, "Nani alikufundisha kuziba tundu na mwenyewe yumo?" Nikasema nimejifundisha. Akasema, "Ndiyo maana." Tangu hapo jioni watu wakitoka mimi nabaki. Amenipa vipande vya mbao vya kutupwa. Vitatu vya kwanza niliviharibu, cha nne alikitazama akakitupa bila kusema, cha tano alikiweka mfukoni. Nimefurahi kama nimepewa mke.

Sasa haya nayaandika kwa kuwa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Mninga una sehemu mbili. Ndani ni moyo, mwekundu, mgumu. Pembeni, karibu na gome, ni weupe wa mti. Bungua hali moyo, hauwezi. Anakula weupe, kwa sababu humo ndimo mti ulimoweka chakula chake. Tazama, utakuta matundu mengi yako pembeni. Weupe wote uchongwe utoke, usiuonee huruma, hata kama ubao utabaki mwembamba. Michongo yote ichomwe moto siku hiyo hiyo, usiiache uani, maana ndani yake wamo watoto wake. Tundu linaloonekana kuingia kwenye moyo lisizibwe. Libaki wazi. Paka mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku, yaingie, anika juani, rudia, rudia tena.

Halafu tandika nguo nyeusi chini ya mbao. Kila asubuhi tazama. Kama kuna unga mpya, bado yumo. Nguo ikikaa safi muda mrefu, ndipo kazi ya kuziba ianze. Enoka anasema fundi haamini ubao, anaamini nguo.

Mbao zichongwe na nani, sijui. Zina uzito. Na hilo linanirudisha kwenye swali langu, Bibi. Mzee Efraimu mgongo wake mbovu, na ubao wa babu mtu mmoja haubebi. Aliyesema ni yeye, sawa. Aliyeshika upande wa pili ni nani?

Lwitiko


Ikinga, 4 Julai 1948

Kwa mume wangu mdogo,

Nakusalimu vizuri leo. Hii ndiyo barua. Ile ya kwanza ilikuwa ngoma tupu. Mama yako alinisikia naisoma akaniuliza, "Mbona unacheka?" Nikamwambia nakohoa.

Huku baridi kali, asubuhi majani yanavunjika ukikanyaga. Kikohozi kipo lakini kifo hakipo. Jenista amemkataa mchumba wa tatu.

Jenista huyo ndiye aliyechonga. Alishika shoka dogo la babu yako, nikamwambia, "Unajua?" Akasema, "Bibi, kama kaka anajifunza kwa barua, mimi ninayesoma barua yenyewe nishindwe?" Ameondoa weupe wote, ubao kwa ubao, na mimi nimeshika upande wa pili. Naam, nimesema upande wa pili. Lile swali lako usiniulize, nami la kwako sikuulizi. Tumemalizana.

Michongo tumeichoma. Uliwahi kusikia mdudu akipasuka motoni? Nilikaa pale mpaka mwisho, kwa kufurahi. Mafuta ya taa ametuletea Watson, na safari hii hakuanza hadithi yoyote, aliomba togwa mwenyewe.

Nguo nyeusi nilikuwa nayo moja tu, ile kaniki niliyojifunga nilipomzika Anania. Nilikuwa nimeikunja sandukuni, nikisema nitazikwa nayo. Nikaitandika ghalani. Mama yako akaniambia, "Mama, si hiyo!" Nikamwambia, "Ilimlilia, sasa imfanyie kazi."

Siku za mwanzo, kila asubuhi, unga. Nikakung'uta, tukapaka, tukatandika. Unga ukapungua ukawa kama chumvi iliyobanwa na vidole viwili. Halafu kaniki ikawa nyeusi, nyeusi tupu. Leo nilipoitazama nilijiona mimi mwenyewe siku zile, nikasema, bwana wee, hata msiba una siku yake ya kufaa.

Sasa tatizo. Weupe ulipotoka mbao zimepungua upana. Jenista amezipanga chini na kupima kwa kamba yenye upana wa mlango, panabaki pengo kama upana wa mtu mwembamba. Efraimu akasema, "Mlango wa kuingilia nyoka." Watu wakataka kucheka tena. Nikamwambia asubiri, nikaenda jikoni.

Ubao mmoja haukushushwa mwaka jana. Niliuacha darini maana naweka juu yake mtungi wa mbegu na chumvi. Nimeuteremsha. Mweusi kama sufuria, umevaa masizi ya miaka yote niliyopika. Tukaugeuza na kuugeuza, mpaka weupe wake. Tundu hakuna. Hata moja, Lwitiko, moshi ulimkataza bungua.

Efraimu ameutazama akasema, "Huo ni ubao wa jikoni. Hauwezi kuingia kanisani." Nikamwambia, "Efraimu, wewe ulilelewa jikoni na unaingia."

Kaniki iko safi. Mbao zipo. Kilichobaki kinataka mkono wa fundi. Njoo.

Sekela


Nkana, 19 Julai 1948

Bibi,

Shikamoo. Niliomba ruhusa, nimenyimwa. Nimewaambia wamtafute mwingine wa kazi ile ninayofanya, si ngumu kumpata.

Mzee Enoka amenipa randa yake ya zamani na patasi mbili. Nilimwambia nitamrudishia, akasema, "Nirudishie mlango. Nitasikia habari zake." Natoka kesho kutwa, nitalala kwa Watson Tunduma, kisha kwa miguu.

Chemsha ngozi ya ng'ombe itoke gundi. Ule ubao wa jikoni usiusafishe.

Nikifika usipige vigelegele. Nikishindwa, nitaondoka kimya. Nikiweza, utajua la kufanya.

Lwitiko


Ikinga, 17 Oktoba 1948

Kwa mume wangu Lwitiko, huko Tunduma barazani kwa Watson,

Salamu za nyumba nzima. Mama yako ananenepa tangu uje, anasema ni viazi, sisi tunajua ni nini. Jenista hashikiki. Ameunga mguu wa kiti cha mchungaji kwa kiraka, sasa anatembea na kile kipatasi ulichomwachia kama askari na bunduki, na mchumba wa nne akija nadhani atampima kwa kamba kwanza.

Uliondoka Jumatatu baada ya sikukuu kwenda kuweka benchi lako kwa Watson, hukuona yaliyofuata. Ngoja nikueleze.

Siku ya sikukuu yenyewe, mlango wako ulipofunguliwa mara ya kwanza, wewe ulisimama nyuma kabisa na maranda kwenye nywele, hukusikia watu wa mbele wakisemaje. Walisema hivi. Mke wa Efraimu alikiona kile kipande ulichopachika kwenye ufa wa ubao wa juu, chenye kiuno katikati kama ngoma, akasema, "Hiki kimewekwa kwa urembo?" Jenista akamwambia, "Hiki kinazuia ufa usiendelee, Mama. Kimeushika huku na huku kama mtu anayeamua ugomvi." Tangu siku hiyo wasichana wote wakiingia wanakigusa. Na kile kiraka kirefu, ulichokata pembe zake mshazari ukafuatisha nyuzi za mbao, watu wanakitafuta kwa vidole hawakipati, wanakitafuta kwa macho ndipo wanakiona. Mzee mmoja wa Iyula aliyekuja kwa sikukuu alikilamba kwa ulimi. Nakwambia nilimwona.

Juma lililofuata Efraimu akaja na kopo. Rangi ya kijani, iliyobaki ya madirisha ya misheni. Nilikuwa nafagia. Nikamwuliza, "Unapaka nini?"

"Mlango, Mama Tabita. Viraka vinaonekana. Wageni watauliza."

"Waulize. Nina majibu mpaka jioni."

"Lakini nyumba ya Mungu kuwa na mlango wa viraka..."

"Efraimu," nikamwambia, "wewe kabla ya kubatizwa ulikuwa na matundu mangapi? Mungu alikutupa motoni? Alikupaka rangi ya kijani? Kiraka si aibu, aibu ni tundu."

Akasimama na kopo lake. Nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya mlango, nikajifunga kitambaa vizuri. Tukatazamana. Halafu yule mzee akacheka, Lwitiko, cheko la kweli, mpaka akashika mgongo wake mbovu. Akaweka kopo chini akaketi kizingitini, akasema, "Anania naye alikuwa hivi hivi. Tulimcheka kwa mbao, akasema mtapita chini yake." Akapapasa ubao. "Na tunapita," akasema.

Nikarudi kufagia upande mwingine. Mimi pia najua kunyamaza, ingawa hamwamini.

Jambo jingine. Ule ubao wa jikoni uliuranda ukatoka mwekundu kama mahameli, sawa na wenzake. Lakini kwa ndani, chini kabisa, umeacha weusi kama kiganja cha mkono. Ulidhani sitauona. Naufagilia kila Jumamosi, niache kuuona? Moshi wangu umo kanisani, umeubandika mlangoni. Sikukwambia kitu ulipokuwa hapa. Sasa pia sikwambii.

Kaniki nimeendelea kuitandika. Jumamosi jioni chini ya mlango, Jumapili asubuhi naitazama kabla watu hawajafika. Watu wananiuliza natega nini. Jumapili iliyopita, Lwitiko, nikainama, unga! Unga kwenye kaniki! Nikakaa chini. Nikasema, amerudi, na safari hii ameingia mpaka kwenye moyo, na watu wakija na vitabu vyao vya nyimbo watanikuta hapa chini. Nikachovya kidole, nikauangalia, nikaulamba. Ulezi! Mke wa Efraimu alileta kikapu cha sadaka jana yake, kinavuja. Nilicheka peke yangu pale kizingitini mpaka mchungaji akafungua macho, na ibada haijaanza.

Ndipo nikaifua kaniki, nimejifunga. Nilipoingia kanisani nayo wakafikiri kuna msiba. Nikawaambia, "Hapana. Leo navaa nguo ya kazi."

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jana Efraimu amekuja nyumbani na kiti chake cha babu yake, kimebunguliwa miguu yote minne. Akakiweka uani, mbele ya mama yako na Jenista na majirani waliokuja kupura maharage. Akaniuliza, kwa sauti yake ile ya tangazo, "Mama Tabita, huyu mjukuu wako hasa anafanya kazi gani?"

Watu wote wakanitazama. Watson pia alikuwapo, akaangalia togwa yake.

Nikamjibu, "Sijawahi kumwuliza. Nitamwuliza."

Basi nakuuliza. Na jibu ulilete kwa barua, nitaisoma kwa sauti uani, mbele ya hao hao. Lwitiko, mwana wa Tabita, mjukuu wa Anania mpasua mbao, unafanya kazi gani?

Bibi yako,
Sekela


Tunduma, 2 Novemba 1948

Bibi yangu Sekela,

Shikamoo, na wote walioketi uani nawasalimu, na Mzee Efraimu shikamoo. Mimi mzima. Huku baraza la Watson limejaa maranda, analalamika, lakini wateja wangu wananunua sukari yake. Jana mtu amevuka kutoka Nakonde na sanduku la mkewe, limeliwa pembe moja. Nimelitandikia nguo nyeusi, nasubiri.

Kiti cha Mzee Efraimu kitume na lori la Alhamisi. Usiruhusu mtu akizibe.

Umeniuliza nafanya kazi gani. Mimi ni seremala.

Hapo acha kusoma kwa sauti, Bibi, haya yaliyobaki ni yako peke yako. Umeniuliza la kwangu nami nimelijibu. La kwako, la nani alishika upande wa pili wa mbao siku zilipotoka jikoni, mimi sikuulizi. Wala sitakuuliza.

Mume wako mdogo,
Lwitiko